Kwa Nini Wimbo Wako Humtuliza Mtoto

(Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 15, kisha unafifia.)

Hujambo mama uliye jikoni, nyanya unayemlea mjukuu, na wewe dada unayemshika mtoto wa mwenzako aliyeenda kibarua. Leo hatuzungumzii chanjo wala chandarua. Tunazungumzia wimbo.

Usicheke. Wimbo una njia yake ndani ya mwili, kama vile uji una njia yake. Na wapo akina mama ambao wameacha kuimba bila hata kujua ni kwa nini, na wapo watoto wanaoimbiwa kila siku na hawasikii, na nyumbani hakuna aliyetambua. Kwa hivyo kaa nasi, kwa sababu hao wote tutawafikia.

Ukipita mtaa wa Kipsongo hapa Kitale wakati wa jioni, utasikia lugha nyingi. Wengi wa wakazi ni Waturkana ambao familia zao zilihama kaskazini kwa sababu ya ukame na wizi wa mifugo, na majirani zao ni Wabukusu, Wateso na wengineo. Nyumba zimekaribiana sana. Mama mmoja analaza mtoto kwa Kiturkana, na ng'ambo ya ukuta mwingine analaza wake kwa Kibukusu. Hawaelewani maneno. Hata hivyo ukisimama nje, hata kama huelewi neno lolote, utajua papo hapo kwamba huo ni wimbo wa kubembeleza mtoto, si wimbo wa harusi wala wa ngoma. Unakwenda polepole, unarudiarudia, sauti haipandi sana, na ndani yake kuna mwendo wa kupembea.

Je, mtoto naye anajua? Anajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani walitoa matokeo mwaka 2020 baada ya kuwasikilizisha watoto wachanga wa Kimarekani nyimbo za lugha za mbali ambazo hawakuwahi kuzisikia. Baadhi zilikuwa za kubembeleza na nyingine za kazi nyingine kabisa. Mapigo ya moyo ya watoto yalishuka zaidi waliposikia zile za kubembeleza. Kwa maneno mengine, mtoto wa Kibukusu akiimbiwa na jirani Mturkana hapotezi kitu.

Sasa tuone njia yenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukiimba, hewa inatikisika na kugonga ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba iliyo ndani. Ngoma hiyo inasukuma mifupa mitatu, iliyo midogo kuliko mifupa mingine yote mwilini, nayo inapitisha mtikisiko hadi kwenye kijumba kilichojikunja kama konokono. Ndani ya kijumba hicho kuna maji na vinyweleo vidogo sana, takriban 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo ndivyo vinavyogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya neva. Tafadhali vikumbuke vinyweleo hivi, maana tutavirudia tukifika kwenye spika za matangani.

Ubongo ukipata habari hiyo hauipeleki mahali pamoja tu. Sehemu moja inasikia sauti ni ya juu au ya chini. Sehemu nyingine, ile inayoongoza miguu na mikono, inashika mdundo. Ndiyo sababu mguu wako unaanza kugonga chini kabla hujaamua. Sehemu nyingine ni ya hofu na furaha, na nyingine ni ya kumbukumbu. Zaidi ya hayo ubongo unatoa kemikali iitwayo dopamini, ileile inayohusika tukipata chakula kitamu tukiwa na njaa. Watafiti wa mji wa Montréal nchini Kanada walionyesha jambo hilo mwaka 2011 kwa kupiga picha za ubongo wa watu wakisikiliza muziki wanaoupenda. La kupendeza ni kwamba dopamini ilianza kutoka hata kabla ya ule mstari mtamu kufika. Ubongo ulikuwa ukiungoja.

Hapo ndipo penye siri ya wimbo wa mtoto. Ubongo hupenda kubahatisha kinachofuata na kukuta umebahatisha vyema. Mtu mzima akisikia wimbo uleule mara 20 kwa usiku mmoja atachoka. Mtoto hachoki. Kwake kila kitu duniani ni kigeni, na wimbo wako ni mahali pamoja ambapo anajua kitakachokuja. Kwa hivyo usijisumbue kutafuta nyimbo mpya. Mbili au tatu zinatosha mwaka mzima.

Kazi hii inaanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mtoto aliye tumboni huanza kusikia mimba ikiwa na takriban miezi sita. Anasikia moyo wako, anasikia tumbo likinguruma, na kuliko sauti zote za watu anasikia yako, kwa sababu inampitia ndani ya mwili wako mwenyewe. Maneno hayasikii vizuri. Ni kama kumsikiliza jirani kupitia ukuta wa udongo: hushiki maneno, lakini unajua ni nani anayesema, na unajua kama wanaongea vizuri au wanagombana. Kile kinachopenya ukuta ni mwendo na mpando wa sauti, yaani ule muziki wa usemi.

Akizaliwa anakumbuka. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wa chini ya siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine. Mtoto akinyonya kwa namna moja anasikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa namna nyingine anasikia ya mama mwingine. Watoto walijifunza kunyonya kwa ile namna iliyowaletea mama zao. Mwaka 2009 wengine wa Hungaria waliwapigia ngoma watoto wa siku mbili au tatu waliokuwa wamelala, na kila lilipokosekana lile pigo kubwa la kwanza, ubongo wa mtoto ulionyesha kwamba umetambua kuna kitu kimekosekana. Usingizini!

Basi mama mjamzito, ukiwa na mwezi wa saba au wa nane, chagua wimbo mmoja na uuimbe ukichota maji au ukiosha vyombo. Mtoto akija duniani, kwenye baridi na mwanga na mikono ya watu asiowajua, atakuta kitu kimoja anachokijua.

Kuna wanaouliza kama kuongea naye hakutoshi. Kuongea ni kuzuri sana, na ndiko kunakomfundisha lugha. Lakini kwa kutuliza, wimbo unashinda. Mwaka 2016 watafiti wa Montréal waliwaweka watoto wa miezi 6 hadi 9 mahali ambapo hawakumwona mama wala kitu cha kuchezea, wakawasikilizisha sauti tu. Walioongeleshwa, hata kwa ile sauti tamu tunayowaongelesha watoto, walikaa dakika kama 4 kabla ya kuanza kulalamika. Walioimbiwa walikaa dakika 9 hivi, ilhali wimbo ulikuwa wa Kituruki na familia zao hazikuzungumza lugha hiyo. Dakika 5 za ziada si haba kwa mtu mwenye sufuria ya ugali motoni.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati nao wanafaidika. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, hospitali 11 za Marekani zilishughulikia watoto 272 wa aina hiyo. Walitumia sauti zinazofanana na zile za tumboni, na wimbo wa kubembeleza ambao wazazi wenyewe waliuchagua, ukiimbwa papo hapo kwa upole. Mapigo ya moyo yalitulia, na kunyonya na kulala kulikuwa bora. Wazazi pia walipungukiwa na wasiwasi. Kama mtoto wako ni njiti na umefundishwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, huo ndio wakati wa kumwimbia, kwa sauti ndogo sana, karibu ya kunong'ona.

Hapa niseme neno kuhusu wafanyabiashara. Utaambiwa kuna muziki wa wazungu wa kale, wa Mozart, ambao ukimpigia mtoto atakuwa na akili nyingi. Habari hiyo ilianza mwaka 1993, na utafiti wenyewe haukuhusu watoto wachanga kamwe. Ulihusu wanafunzi wa chuo waliosikiliza kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo katika aina moja ya mtihani, na faida ikaisha baada ya robo saa hivi. Usinunue kitu, wala usimalize bando za simu. Simu haimwoni mtoto. Wewe ukiona macho yanalegea unapunguza mwendo, ukiona anashtuka unarudi nyuma, na simu haiwezi kufanya hivyo. Pia usiseme huna sauti nzuri. Mtoto hakuajiri mwanakwaya.

Na kupembea je? Wimbo na mwendo ni ndugu. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2022 kwamba mtoto anayelia, ukimbeba na kutembea naye kwa dakika 5 bila kusimamasimama, hutulia, na wengi hulala. Usimlaze mara moja. Kaa naye umempakata dakika 5 hadi 8 nyingine, usingizi ushike, ndipo umlaze. Wengi wetu tunaharibu hapo, kwa haraka. Lakini kupembea si kutikisa. Mtoto asitikiswe kwa nguvu hata siku moja, maana ubongo wake ni laini na unaweza kuvuja damu. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mahali salama, toka nje kidogo, umwite jirani.

Tafadhali elewa pia kwamba wimbo si dawa. Mtoto mwenye joto la mwili, anayekataa kunyonya, anayepumua kwa shida au anayelia kwa sauti isiyo ya kawaida, haimbiwi akalazwa. Anapelekwa kituo cha afya.

(Muziki mfupi, sekunde 10.)

Naam, tumemsema mtoto. Sasa tukuseme wewe.

Wenzetu wa Bungoma wanajua nguvu ya kuimba pamoja kuliko watu wengi. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, wavulana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, wakapakwa tope, kisha wakarudishwa nyumbani kutahiriwa huku umati ukiimba Sioyaye. Kijana yuko uchi kwenye baridi, anakwenda kwenye kisu, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Wimbo huo ndio unaombeba. Si yeye tu, hata mzee aliyetahiriwa miaka 50 iliyopita, akiusikia kwa mbali nywele humsimama. Watu wakiimba na kusogea pamoja kwa mdundo mmoja, mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu, na wale walio pamoja hujihisi kitu kimoja. Waturkana nao wana edonga, ile ngoma ya kuruka, na ukiitazama utaona jambo lilelile.

Nguvu hiyo imejaribiwa kwa akina mama waliojifungua. Kuna ugonjwa uitwao unyogovu wa baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea unampata karibu mama 1 kati ya kila 5 waliojifungua. Si uvivu, si kurogwa, wala si kukosa shukrani. Mama analia bila sababu, au halii lakini hana furaha na kitu chochote. Hapati usingizi hata mtoto akilala. Anamtazama mtoto kama mgeni. Na moja ya dalili, ambayo majirani wanaweza kuisikia kupitia ukuta, ni kwamba nyumba imenyamaza. Mama huyo haongei na mtoto wala hamwimbii. Anamnyonyesha kimya na kumweka chini kimya. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba ukimya huo ukidumu miezi, mtoto anaweza kuchelewa kuongea na kuchangamka.

Kule London, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, akina mama 134 wenye dalili hizo waligawanywa katika makundi. Wengine walikutana kila wiki kuimba na watoto wao, wengine wakakutana kucheza na watoto bila nyimbo, na wengine wakaendelea na huduma za kawaida. Katika wale waliokuwa na dalili nzito, walioimba walipata nafuu upesi zaidi katika wiki 6 za kwanza. Kufikia wiki ya 10 makundi yote yalikuwa na nafuu. Kwa hivyo wimbo haukufanya muujiza. Uliwahisha, na kwa mama mwenye mtoto mdogo kuwahi mwezi mmoja ni jambo kubwa.

Utasema London ni mbali na Kipsongo. Haya, twende Gambia, Afrika Magharibi. Huko akina mama wana vikundi vyao vya asili vya kuimba na kucheza ngoma. Watafiti walishirikiana na vikundi hivyo, wakawaalika wanawake wajawazito kuimba pamoja mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Wote walioshiriki katika utafiti, waimbaji na wasioimba, walikuwa 124. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: wasiwasi na huzuni vilipungua kwa walioimba. Hapakuwa na dawa ghali wala jengo jipya. Kulikuwa na nyimbo zao wenyewe.

Sisi tuna vyama. Kila wiki mnakutana mahali, mnachanga, mnaandika daftari, mnakunywa chai, mnatawanyika. Ningependa kuona chama ambacho kabla ya daftari kufunguliwa wanaimba robo saa, na yule aliyejifungua juzi anafuatwa nyumbani aje na mtoto wake. Akikataa kuja mara ya pili na ya tatu, hiyo ni habari. Msiseme anaringa. Nendeni mkamwone, mkae naye, mmsaidie kufua, na mumsindikize kliniki. Hali hiyo ikizidi wiki mbili anahitaji mhudumu wa afya, na matibabu yapo. Ikiwa anasema afadhali afe, au anaogopa kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Sasa turudi kwa vile vinyweleo. Vikifa havioti tena. Sauti kubwa huviua, polepole au kwa usiku mmoja. Katika sehemu zetu kuna disko za matanga, ambazo serikali imezikataza mara kadhaa na bado zinafanyika, na utaona mama amembeba mtoto mgongoni akiwa hatua chache tu kutoka kwa spika. Kuna pia vibanda vya kuuza kanda na matatu zenye muziki wa kupasua kifua. Kipimo ni rahisi. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hasikii mpaka upaze sauti, hapo si mahali pa mtoto. Kumbuka pia kwamba mtoto hawezi kukuambia masikio yanamlia.

Na vipi kuhusu mtoto anayeimbiwa lakini hasikii? Wimbo wako unaweza kukufichulia hilo kabla ya mashine yoyote. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Kufikia miezi mitatu hunyamaza au hutabasamu akisikia sauti anayoijua. Kufikia miezi sita hugeuza kichwa kutafuta inakotoka. Mjaribu hivi: keti nyuma yake, asikuone, usimguse, kisha uimbe kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Kama hageuki, au kama akifikisha mwaka haitiki jina lake, mpeleke kliniki pamoja na kitabu chake cha mama na mtoto, na useme wazi kwamba una wasiwasi na masikio. Sema hivyo hasa ikiwa alizaliwa njiti, aligeuka manjano sana baada ya kuzaliwa, au aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo. Usikubali kuambiwa na jirani kwamba ataongea tu, hata baba yake alichelewa. Masikio yakigunduliwa mapema kuna mengi yanayoweza kufanywa.

Sikio linalotoa usaha litibiwe upesi. Usitie mafuta, maziwa ya titi wala mkojo, na usichokoe kwa kijiti cha kibiriti. Usaha ukidumu unaweza kula ngoma ya sikio.

Ikiwa mtoto wako amekwisha kupimwa na hasikii, usiache kumwimbia. Mweke kifuani ili ahisi mtikisiko wa sauti, mpigie mdundo mgongoni kwa viganja, mtazame usoni, na umfundishe ishara za mikono tangu mapema. Mtoto huyo naye ana mguu unaotaka kugonga chini.

Kama una mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja, mjaribu kwa kuimba nyuma yake jioni hii. Asipogeuka, njoo kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe, na hapo utaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, Kitale au Bungoma, kulingana na unakokaa. Kipindi kijacho tutazungumzia uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kwaheri ya kuonana.

(Muziki wa kufunga.)